Viashiria vya Protini katika Utambuzi wa Saratani za Watoto

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza kwa nini saratani nyingi za watoto hazitofautishiki kwa hadubini na rangi za kawaida pekee, kutaja viashiria vikuu vya protini vinavyotumika kuzitenganisha, na kuhifadhi kinyama kwa namna isiyoharibu viashiria hivyo. Mzazi au mlezi ataelewa kwa nini mtoto huchukuliwa kinyama, majibu yake yana maana gani, na ni mambo gani ana haki ya kuyauliza.

Seli zinazofanana, tiba zisizofanana

Saratani nyingi za watu wazima huanzia kwenye tabaka la seli linalofunika viungo, kama ilivyo kwa saratani ya utumbo, ya mapafu na ya shingo ya kizazi. Saratani za watoto zina asili nyingine. Nyingi hutokana na seli changa ambazo zilikusudiwa kuwa figo, misuli, neva au chembe za damu, lakini zikaacha kukomaa na kuendelea kugawanyika. Kwa kuwa hazijakomaa, seli hizo hazina sura ya kiungo zilichokusudiwa kukijenga. Zinapotiwa rangi za kawaida za maabara, yaani hematoksilini na eosini, huonekana karibu sawa: ndogo, za mviringo, zenye kiini kikubwa cha buluu na ute haba pembeni.

Wataalamu wa patholojia huliita kundi hili saratani za seli ndogo za mviringo za buluu. Ndani yake mna limfoma, nyuroblastoma, rabdomiosakoma, sakoma ya Ewing, uvimbe wa Wilms wa figo, na retinoblastoma ya jicho.

Kufanana huko kusingekuwa na madhara kama tiba nazo zingefanana. Hazifanani. Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa dawa za saratani. Kisu peke yake hakimponyi mtoto. Rabdomiosakoma huhitaji dawa pamoja na upasuaji au mionzi mahali uvimbe ulipo. Uvimbe wa Wilms huhitaji dawa na, kwa kawaida, kuondolewa kwa figo lenye ugonjwa. Limfoma ya limfoblasti hutibiwa kwa dawa za mfululizo kwa takriban miaka miwili au zaidi, zikiwamo zile zinazopelekwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili kuukinga ubongo. Mtoto aliyepewa jina lisilo sahihi la ugonjwa hupokea dawa kali za maradhi asiyokuwa nayo, huku maradhi aliyonayo yakiendelea kukua. Katika limfoma ya Burkitt, idadi ya seli za saratani inaweza kuongezeka maradufu kati ya saa 24 na 48.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa kihistoria juu ya uzito wa jina la ugonjwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika, akauita sakoma. Wataalamu wa patholojia wa Mulago walipochunguza tishu za watoto hao walibaini kuwa ugonjwa huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu. Katika miaka ya 1960 ikadhihirika kuwa uvimbe huo, ambao kisu hakikuweza kuumaliza, huyeyuka kwa dawa. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakichunguza jijini London tishu zilizosafirishwa kutoka Uganda, walivigundua ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 wenye umri wa hadi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hupona chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha uponaji wa angalau asilimia 60 duniani ifikapo mwaka 2030. Miongoni mwa sababu linazozitaja za vifo vinavyoepukika ni kutotambuliwa kwa ugonjwa, kutambuliwa kimakosa, na kuchelewa kutambuliwa. Viashiria vya protini vinahusu hasa sababu hiyo ya pili.

Kiashiria cha protini ni nini?

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, lakini kila aina ya seli hutumia baadhi yake tu kutengeneza protini inazozihitaji. Seli ya msuli hutengeneza desmini, protini inayoshikanisha nyuzi za msuli. Limfosaiti B, chembe nyeupe inayozalisha kingamwili, hubeba protini iitwayo CD20 kwenye utando wake. Seli ya neva huwa na sinaptofisini kwenye vifuko vidogo vinavyohifadhi kemikali za mawasiliano.

Seli changa ya saratani, ijapokuwa haijapata sura ya msuli au ya neva, mara nyingi huwa imekwisha kuanza kutengeneza baadhi ya protini za ukoo wake. Mtoto mchanga hawezi kutaja jina lake, lakini wauguzi wa wodi ya wazazi humtambua kwa utepe aliofungwa mkononi. Kiashiria cha protini hufanya kazi ya utepe huo.

Majina ya viashiria huwatatiza wengi, ingawa mengine yana asili rahisi. Herufi CD zikifuatwa na namba ni utaratibu wa kimataifa, ulioanza kwa mkutano wa Paris mwaka 1982, wa kuorodhesha protini za utando wa seli. Ki-67, kiashiria cha seli zinazogawanyika, kimepata jina lake kutokana na mji wa Kiel, Ujerumani, na namba ya kishimo cha sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ilipatikana.

Jinsi kipimo kinavyofanyika

Kipimo hiki hutumia kingamwili, protini ambazo mwili huzitumia kunasa vijidudu. Kila kingamwili hushika kitu kimoja maalumu na kuacha vingine. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa kingamwili inaweza kufungiwa rangi inayong'aa na kutumiwa kutafuta kitu ndani ya tishu. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu kwa wingi usiokoma. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo maabara zimeweza kununua kingamwili zilizotengenezwa tayari kwa ajili ya mamia ya protini.

Hatua za kipimo ni hizi:

1. Kinyama kilichokaushwa ubichi kwa fomalini hugandishwa ndani ya nta na kuwa bloku.
2. Bloku hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikroni 4, yaani sehemu nne kati ya elfu moja za milimita, na kila kipande hubandikwa juu ya slaidi.
3. Slaidi huchemshwa katika kimiminika maalumu ili kufichua protini zilizofungwa na fomalini. Hatua hii, iliyoelezwa mwaka 1991, ndiyo iliyoziwezesha maabara nyingi kutumia kipimo hiki kwa tishu za kawaida.
4. Kingamwili hudondoshewa juu ya tishu. Ikikuta protini yake, hushika. Isipoikuta, huoshwa na kuondoka.
5. Kingamwili ya pili, iliyofungiwa kimeng'enya, huishika ile ya kwanza. Kimeng'enya hicho hubadili kemikali isiyo na rangi kuwa ya kahawia.
6. Viini vya seli hutiwa rangi ya buluu ili tishu nzima ionekane. Palipo na kahawia ndipo ilipo protini inayotafutwa.

Kila slaidi huhitaji kingamwili yake. Kwa hiyo mtaalamu anayetaka kuangalia viashiria nane hukata vipande vinane kutoka bloku ileile. Kinyama kidogo mno huisha kabla ya jibu kupatikana.

Viashiria vikuu kwa kila ugonjwa

*Limfoma.* CD45 huonyesha chembe nyeupe kwa ujumla. CD20 na PAX5 huelekeza kwenye limfosaiti B, na CD3 kwenye limfosaiti T. TdT, ambayo hukaa ndani ya kiini, huonyesha kuwa chembe hiyo ni changa sana, kama ilivyo katika limfoma ya limfoblasti. Limfoma ya Burkitt huwa na CD20, CD10 na BCL6, haina TdT, BCL2 hukosekana au huwa hafifu, na Ki-67 hukaribia asilimia 100, maana yake karibu kila seli inagawanyika. Limfoma ya Hodgkin hutambulika kwa seli kubwa zenye CD30 na, mara nyingi, CD15.

*Rabdomiosakoma.* Desmini huonyesha ukoo wa msuli. Miojenini na MyoD1, protini za ndani ya kiini zinazoiamuru seli iwe msuli wa mifupa, ndizo zinazothibitisha.

*Sakoma ya Ewing.* CD99 huzunguka utando wa karibu kila seli, na NKX2.2 huonekana ndani ya kiini.

*Nyuroblastoma.* Sinaptofisini na kromogranini huelekeza kwenye ukoo wa neva. PHOX2B, iliyo ndani ya kiini, huthibitisha. CD99 kwa kawaida haipo.

*Uvimbe wa Wilms.* WT1 huonekana ndani ya viini vya seli changa za figo.

*Uvimbe wa rabdoidi.* Huu ni ugonjwa mkali wa watoto wadogo unaoweza kutokea kwenye figo, ubongo au mahali pengine. Hapa ujumbe umo katika kutoweka: INI1, protini ambayo hupatikana katika viini vya seli zote za kawaida, hukosekana kwenye seli za saratani.

Kanuni tatu za kusoma viashiria

*Kanuni ya kwanza: mahali pa rangi.* Haitoshi kuona kahawia. Lazima iwe mahali pake. TdT, miojenini na INI1 husomwa ndani ya kiini. CD20 na CD99 kwenye utando. Desmini na sinaptofisini kwenye saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini. WT1 ni mfano mzuri. Ndani ya kiini huelekeza kwenye uvimbe wa Wilms, lakini rabdomiosakoma nayo inaweza kuonyesha WT1 kwenye saitoplazimu. Anayesoma rangi bila kuangalia mahali ilipo anaweza kuyachanganya maradhi hayo mawili.

*Kanuni ya pili: ushahidi kuwa kipimo kimefanya kazi.* Slaidi isiyo na kahawia inaweza kuwa na maana mbili: protini haipo, au kipimo kimeshindwa. Mtaalamu hutofautisha hali hizo kwa kuangalia seli za kawaida zilizo katika slaidi hiyohiyo. INI1 ikikosekana kwenye seli za saratani huku seli za mishipa ya damu iliyo jirani zikiwa na kahawia, jibu linaaminika. Ikikosekana kote, slaidi hiyo haina jibu lolote, na kipimo hurudiwa.

*Kanuni ya tatu: kundi, si kiashiria kimoja.* Hakuna protini iliyo mali ya saratani moja tu. CD99 hupatikana katika sakoma ya Ewing, lakini pia katika limfoma nyingi za limfoblasti. Ndiyo maana viashiria huagizwa kwa kundi, vingine vya kuthibitisha kinachodhaniwa na vingine vya kukikanusha.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mtoto wa miaka 8 ana maumivu na uvimbe mgumu kwenye mfupa wa muundi wa goti. Eksirei inaonyesha mfupa umeliwa. Kinyama kinaonyesha seli ndogo za mviringo za buluu. Kundi la kwanza la viashiria linatoa majibu haya: CD99 ipo kwenye utando, CD45, CD20, desmini na sinaptofisini hazipo.

Umri, mfupa na CD99 vyote vinaelekeza kwenye sakoma ya Ewing, na kukosekana kwa CD45 na CD20 kunaonekana kuifuta limfoma. Hata hivyo, chembe nyeupe changa sana zinaweza kukosa CD45 na CD20 zote mbili. Mtaalamu anaongeza TdT, PAX5 na NKX2.2. TdT na PAX5 zinapatikana ndani ya viini, NKX2.2 haipo. Ugonjwa ni limfoma ya limfoblasti ya seli B iliyojitokeza kwenye mfupa.

Matokeo yake kwa mtoto ni makubwa. Badala ya kupangiwa upasuaji au mionzi ya mguu, anapimwa uboho na maji ya uti wa mgongo, kisha anaanza mpango wa dawa za limfoma. Slaidi tatu za nyongeza zimeuokoa mguu wake na kumfikisha kwenye tiba inayomfaa.

Safari ya kinyama kabla ya maabara

Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Jibu la ukurasa mmoja linalomfikia daktari limejengwa na watu wengi, na wa kwanza wao wako chumba cha upasuaji, si maabara. Protini huanza kuharibika mara tu tishu inapokatiwa damu. Hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC hupokea wagonjwa na sampuli kutoka wilaya za mbali. Kilichoharibika njiani hakiwezi kurekebishwa na kingamwili yoyote. Wahudumu wazingatie yafuatayo:

1. Kujua lini kinyama kisichukuliwe. Uvimbe wa jicho unaodhaniwa kuwa retinoblastoma haudungwi wala kukatwa kinyama, kwa sababu ugonjwa unaweza kutoka nje ya jicho. Hutambuliwa kwa uchunguzi wa jicho na picha. Uvimbe wa figo wa mtoto nao hauguswi kabla ya kushauriana na kituo cha saratani za watoto, kwani mara nyingi matibabu huanza kwa kufuata picha pekee.
2. Kuepuka prednisoloni na deksamethasoni kabla ya kinyama. Dawa hizi huua chembe za limfoma na lukemia kwa haraka kiasi kwamba kinyama kinaweza kutoonyesha kitu. Mtoto anapokuwa katika hatari, kwa mfano njia ya hewa ikibanwa na uvimbe, kituo cha rufaa kipigiwe simu papo hapo.
3. Kutokibana kinyama. Seli hizi ni laini. Zikibanwa kwa koleo husagika na kuwa michirizi ya buluu isiyosomeka.
4. Kutumbukiza kwenye fomalini mara moja. Itumike fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, kwa ujazo wa takriban mara kumi ya kinyama, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Maji, maji ya chumvi na spiriti havichukui nafasi yake, na sampuli ya fomalini haigandishwi kwenye friza.
5. Kuangalia muda. Fomalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Kinyama kidogo kikae ndani yake saa 6 au zaidi, na inapowezekana kifike maabara kabla ya saa 72 kupita. Saa ya kukatwa na saa ya kutumbukizwa ziandikwe. Uvimbe mkubwa uliotolewa mzima upelekwe siku hiyohiyo. Isipowezekana, maabara ielekeze kwa simu kabla mtu hajaukata, maana mipaka yake ni sehemu ya jibu.
6. Kutaja mfupa. Tishu yenye mfupa hulainishwa kabla ya kukatwa, na asidi kali huharibu protini. Fomu ikionyesha wazi kuwa ni mfupa, maabara hutenga sehemu laini au hutumia njia ya upole zaidi.
7. Kuandika kwenye chombo, si kwenye kifuniko. Jina, umri, namba ya hospitali na mahali kinyama kilipotoka viandikwe kwenye chombo chenyewe.
8. Kujaza fomu kikamilifu. Umri, mahali pa uvimbe, muda wake, majibu ya picha na dawa alizokwisha kupewa mtoto humsaidia mtaalamu kuchagua viashiria. Nyuroblastoma huwapata zaidi walio chini ya miaka 5. Sakoma ya Ewing huonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana. Fomu yenye neno "uvimbe" pekee humlazimu akisie, na kila kubahatisha hula sehemu ya bloku.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*Je, kukata kinyama husambaza saratani?* Kwa saratani nyingi za watoto, kinyama kilichopangwa na kuchukuliwa ipasavyo hakiuzidishi ugonjwa. Yapo maeneo machache yenye tahadhari, kama jicho na figo, na wataalamu wanayajua. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kukaa nyumbani na uvimbe unaokua.

*Kwa nini kipimo cha damu hakitoshi?* Kwa baadhi ya maradhi damu husaidia sana. Lukemia hutambuliwa kwa damu na uboho, na protini iitwayo AFP hupanda katika damu ya watoto wengi wenye saratani ya ini iitwayo hepatoblastoma, ingawa watoto wachanga wenye afya nao huwa nayo kwa wingi. Lakini viashiria vingi vilivyotajwa katika somo hili hubaki ndani ya seli za uvimbe. Anayevitafuta lazima aziangalie seli zenyewe.

*"Chanya" na "hasi" katika majibu ya kinyama vina maana gani?* Maneno haya huwatisha wazazi, kwa kuwa wameyazoea katika kipimo cha virusi vya UKIMWI. Hapa "chanya" maana yake ni kuwa protini fulani imeonekana, na "hasi" kuwa haikuonekana. Tezi yenye afya nayo ni chanya kwa CD20. Neno moja moja halisemi kama mtoto ana saratani au hana, wala kama ugonjwa ni mkali au mpole. Jibu ni hitimisho lililoandikwa mwishoni na mtaalamu, baada ya kuvipima vyote kwa pamoja.

*Kwa nini majibu huchelewa?* Tishu hukaa kwenye fomalini, huingizwa kwenye nta, hukatwa na kutiwa rangi za kawaida. Hapo ndipo mtaalamu anapojua viashiria vya kuagiza, na kundi la kwanza likileta utata, la pili huongezwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hata mahali ambapo kila kitu kipo, na huzidi pale sampuli inaposafiri au kingamwili inapokosekana. Mzazi aulize majibu yanatarajiwa lini na nani atayapokea, na aache namba ya simu inayopatikana. Mtoto akizidiwa wakati wa kusubiri, arudishwe hospitali bila kungoja tarehe ya majibu.

*Mzazi atunze nini?* Nakala ya majibu yenye namba ya bloku. Bloku ya nta huhifadhiwa kwa miaka mingi. Mtoto akihamishiwa hospitali nyingine, au jibu likitiliwa shaka, vipande vipya vinaweza kukatwa kutoka bloku ileile bila kumrudisha mtoto kwenye kisu.

Mipaka ya viashiria

Viashiria vya protini havijibu kila swali. Sakoma ya Ewing huthibitishwa kikamilifu kwa kuonyesha muungano wa jeni, mara nyingi ule wa EWSR1 na FLI1. Limfoma ya Burkitt hutokana na kuhama kwa jeni ya MYC kutoka kromosomu ya 8. Katika nyuroblastoma, wingi wa nakala za jeni ya MYCN huonyesha ukali wa ugonjwa na kuathiri uchaguzi wa tiba. Mahali ambapo vipimo vya jeni havipo, kundi la viashiria lililochaguliwa kwa uangalifu, likisomwa pamoja na umri wa mtoto, picha na sura ya seli, hufikisha kwenye jibu la kuaminika kwa watoto wengi, na mashauriano kwa picha za slaidi na vituo vingine husaidia kwa waliobaki.

Kwa upande mwingine, kiashiria kinaweza pia kuwa shabaha ya tiba. Dawa iitwayo rituksimabu ni kingamwili inayoshika CD20. Hutumika pamoja na dawa nyingine kwa baadhi ya limfoma za seli B.

Hitimisho

Saratani za watoto zinazofanana kwa sura hutenganishwa kwa protini zilizo ndani yake, na jina linalopatikana ndilo linaloamua tiba. Protini hizo husomeka kwa usahihi iwapo tishu imetunzwa vizuri tangu dakika ya kwanza, iwapo viashiria vimeagizwa kwa kundi, na iwapo mtaalamu amepewa habari za mtoto. Muuguzi anayehakikisha kuwa fomalini ipo kabla ya upasuaji kuanza, mtaalamu wa maabara anayerudia slaidi iliyoshindwa, na mzazi anayerudi kuchukua majibu, wote wana sehemu katika utambuzi huo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kisu peke yake hakitoshi kumponya mtoto mwenye limfoma ya Burkitt?
2. Slaidi ya INI1 haina rangi ya kahawia kwenye seli za saratani wala kwenye mishipa ya damu. Mtaalamu aseme nini, na afanye nini?
3. Taja viashiria viwili vinavyosaidia kutenganisha limfoma ya limfoblasti na sakoma ya Ewing pale CD99 inapokuwapo.
4. Mtoto ana tezi kubwa za shingo zinazodhaniwa kuwa limfoma, na hali yake ni tulivu. Kwa nini asipewe prednisoloni kabla ya kinyama kuchukuliwa?
5. Mzazi ameona neno "chanya" mara tano katika majibu ya mtoto wake na amefadhaika. Mweleze kwa lugha rahisi maana yake.